Vikaratasi Saba na Mashine ya Pili

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 14, mchana.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. U hali gani huko? Najua hujambo, wewe si mtu wa kuumwa ovyo. Shemeji naye mzima? Lazima awe mzima, na tumbo lile analolilea. Watoto wanasoma? Wanasoma, tena wanaongoza, damu yetu hiyo. Baridi imepungua? Itakuwa imepungua, mwezi huu huwa inapungua kila mahali.

Sisi huku tunaendelea. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, ila ulimi wake hauna goti, anatusema wote kuanzia asubuhi. Paka uliyemwacha amezaa ndani ya kabati la mashuka, na mama amekataa katakata ahamishwe, kwa hiyo tunatandika mashuka yaleyale kila wiki. Mimi nipo, nakula, natembea, lakini nina hofu dada, na hofu hiyo ndiyo iliyonikalisha kitako niandike. Ningekupigia simu, ila kwenye simu ndiko ninakoharibu zaidi. Utaelewa ukiendelea kusoma.

Unaijua kazi yangu, kile chumba cha chini hospitalini tunamosafisha vyombo vya upasuaji. Mikasi, koleo na visu vinaoshwa kwenye sinki, vinafungwa vifurushi, halafu vinaingia kwenye mashine ya mvuke ili vijidudu vife. Tuko wanane na mashine mbili. Mikutano yetu tunaifanya wakati mashine zimejaa na zinafanya kazi, maana hiyo ndiyo nusu saa pekee ambayo mikono ya wote iko mitupu. King'ora cha mashine kikilia, mazungumzo yamekwisha, hata kama mtu yuko katikati ya neno.

Msimamizi wetu anastaafu mwisho wa mwaka, na anataka kujua nani anaweza kushika nafasi yake. Basi kila mmoja anapewa zamu ya kuongoza mazungumzo. Akimaliza, wenzake saba wanamwandikia, kila mtu kikaratasi chake, bila jina, kumwambia ameongoza vipi, na wanavitumbukiza kwenye bakuli la chuma, asome yeye kwanza kisha msimamizi. Kanuni ni moja na msimamizi haipindishi: hakuna kumtafuta aliyeandika. Usiulize, usilinganishe mwandiko, usimkazie mtu macho.

Jumanne ilikuwa zamu yangu. Mada ilikuwa namna ya kukabidhiana kazi, na dada, niliongea! Mifano ninayo, vichekesho ninavyo, kila nilipoona watu wamenyamaza nikaingia kuwaokoa. King'ora kilipolia nilikuwa nimeshajiona kwenye kiti cha msimamizi, nimekunja nne. Nikachukua bakuli langu nikaenda kujifungia chooni, nisome sifa zangu kwa raha.

Cha kwanza kilisema sauti yangu inasikika hadi kwenye masinki. Cha pili, nimechangamsha. Cha tatu kilikuwa na mistari mitatu tu: "Umeuliza maswali kumi na moja. Tisa umeyajibu mwenyewe. Nimehesabu." Nilicheka, kisha nikakasirika, nikasema moyoni kuna mtu ana kijiba cha roho humu ndani. Nikaruka haraka kwenda kwa vingine, vyote vya kawaida, hadi nikafika cha saba. Kiliandikwa kwa penseli, herufi kubwa kubwa: "Nilikuwa na neno kuhusu mashine ya pili. Muda uliisha. Si kitu."

Nilikisoma tena. Mvuke usipofika kila mahali ndani ya mashine, kisu kinatoka kinameta, kimefungwa vizuri, na hakuna jicho litakaloona kwamba bado ni kichafu. Kinakwenda hivyohivyo kwenye tumbo la mtu. Halafu mtu anayejua jambo kuhusu mashine hiyo ananiandikia si kitu.

Sasa nakuambia aibu yangu, usimwambie mama. Nilivikunja vikaratasi viwili, kile cha tatu na hiki cha saba, nikavitia ndani ya soksi. Sikuogopa kwanza kwa ajili ya wagonjwa. Niliogopa msimamizi asije akasoma ile hesabu ya maswali tisa. Nikarudi kufunga vifurushi hadi jioni, mashine ya pili inapumua mgongoni kwangu, na sikufungua kinywa. Wewe uliniita Cherehani kwa sababu mdomo wangu hausimami, na siku ulipohitajika ndipo uliposimama.

Jumatano asubuhi nilishindwa. Nilimpa msimamizi vyote viwili, vimeshapata jasho la mguu. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Aliizima mashine ya pili, akamwita fundi. Fundi akaifungua, akaiwasha, akaipima, akakusanya spana zake. "Mashine nzima hii," alisema. "Mnanipotezea muda tu."

Kufika saa tano simu ya chumba cha upasuaji ilikuwa haitulii, wanataka vyombo. Msimamizi akaniambia akikosa sababu ataiwasha mchana. Nikamwomba awaite wenzangu mmoja mmoja awahoji. Alikataa.

"Nikimtafuta leo, kesho nani ataniandikia ukweli?" alisema. "Nafasi umemnyima wewe. Mrudishie wewe."

Kwa hiyo tulikaa tena, kwenye viti vilevile, mashine ya kwanza ikiwa imejaa. Nusu saa. Nilisimama nikasema nilichokuwa nimejiandalia, hakikuzidi pumzi moja: jana kuna neno kuhusu mashine ya pili ambalo halikupata nafasi, naomba kulisikia. Nikakaa, nikafunga mdomo.

Dada, hakuna aliyesema. Mmoja alikuwa anachambua kucha. Mwingine anatazama bomba linalovuja. Nilisikia saa ya ukutani, nikasikia hata tumbo la mtu. Wewe peke yako unajua kwa nini siwezi kukaa kwenye kimya. Kwetu mezani kukinyamaza ilikuwa na maana baba ameudhika na kuna mtu atalipia, ndipo mimi mdogo naanza hadithi za shuleni, za kweli na za uongo, ili mradi isipite dakika. Nilikuwa na miaka sita na nimekuwa hivyo mpaka leo. Siku ile niliuma shavu kwa ndani hadi nikaonja damu. Nilikuwa na maneno mia ya kusema na niliyameza yote. Zilibaki dakika kumi na moja king'ora kilie.

Ndipo Taratibu akakohoa. Huyu ni mzee wetu wa sinki, ameosha vyombo miaka mingi kuliko sisi wote. Tunamwita Taratibu kwa sababu anasema maneno mawili, anapumzika, anasema mengine mawili. Mimi nilikuwa na kawaida ya kummalizia sentensi zake. Nilidhani ni wema, namtua mzigo.

"Ile karatasi... ya ndani," alisema.

Nilijua anasema nini, na niliubana ulimi kwa meno. Kila kifurushi tunakitia kijikaratasi, kinachoonekana kupitia upande wa plastiki, ambacho mvuke ukikifikia kinakuwa cheusi. Taratibu alieleza, kwa mwendo wake, kwamba vifurushi vya pembeni chini, nyuma kabisa, vimekuwa vikitoka na kijikaratasi cha kijivu, si cheusi. Mara tatu ameona. Na hutokea mashine ikijaa tu. Fundi alikuwa ameipima tupu.

"Ulivifanyaje hivyo vifurushi?" msimamizi aliuliza.

"Nilivirudisha... mashine ya kwanza. Mwenyewe." Akapumzika. "Shida yangu ni Jumamosi na Jumapili. Mi sikuwepo."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Aliniangalia bila hasira yoyote, na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

"Nilikwambia. Alhamisi iliyopita, pale sinki. Nikasema, mashine ya pili ina... Ukamalizia, ina kelele. Ukacheka, ukaenda zako." Akapangusa mikono ambayo haikuwa na maji. "Mi siwezi mbio zako. Nikaona basi."

King'ora kililia na hakuna aliyeinuka.

Mashine imefungwa. Vifurushi vyote vya mwisho wa wiki ile vimekusanywa, na daftari limepekuliwa kujua vilivyokwisha kutumika vilimgusa nani. Ni watu watano. Wanne wameitwa, wamekaguliwa, wako salama. Wa tano ni mwanamke muuza maua, aliyepasuliwa tumbo akaruhusiwa siku ya tatu. Hapokei simu. Jana wametuma muuguzi hadi mtaani kwake, na mpaka naandika hapa sijaambiwa lolote. Kila simu ya mama inapolia nashikilia ukuta. Msimamizi anasema kosa si langu peke yangu, waliokuwa zamu siku zile walipaswa kuvisoma vijikaratasi vile, na ni kweli. Lakini "ina kelele" ni maneno yangu, hakuna mwingine aliyeyasema.

Nilimfuata Taratibu nikamwomba radhi. Akasema, "Yameisha. Ila siku nyingine..." Nikasubiri. Ilichukua muda, maji yanamwagika kwenye sinki, na sikuongeza neno. "...ningojee," akasema.

Hiyo kazi ya usimamizi sijui kama nitapewa, na safari hii sijui hata kama naitaka. Si hiyo inayonitetemesha zaidi leo.

Nilipofika hapa kwenye barua nilirudi kusoma mwanzo wake, nione kama nimepitiwa na makosa. Tafadhali nawe rudi usome zile salamu. Nimekuuliza hali yako nikajijibu. Nimekuuliza shemeji, watoto, hata baridi, nikajijibu kote. Sijafuta, nimeacha uone mwenyewe. Halafu nikakumbuka simu yetu ya mwezi uliopita. Ulinyamaza kidogo, ukasema, "Mdogo wangu, mimi siku hizi..." Nami nikadakia, "Umechoka, najua, pumzika dada," kisha nikakueleza habari za mapazia mapya hadi salio likakatika. Tangu siku hiyo hujapiga. Barua yako ya mwisho ina mistari minne na yote inasema salama.

Naogopa, dada. Naogopa kuliko ninavyomwogopea yule muuza maua, Mungu anisamehe.

Mama anakusalimu sana, anasema goti lake lisikuhangaishe. Shangazi anamsalimu shemeji, na kila mtoto amepewa busu lake nililoagizwa nisilisahau. Mwenyezi Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akupe watu wa kukusikiliza, na mimi anihesabu miongoni mwao. Ndani ya bahasha nimetia karatasi mbili tupu na stempu. Nitangoja hata ikichukua muda mrefu, na sitaandika wala kupiga kabla yako.

Dada, siku hizi nini?

Mdogo wako nikupendaye mno,
Cherehani