Kamba Niliichagua Mimi

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Kakese tumevuna, bibi yako mzima, mimi ndiyo nakwisha. Unauliza uchague chuma gani cha kuvutia gari dogo nyuma ya gari lenu lenye vitanda vya watalii. Chagua kinachohimili uzito wake wote.

Ujanani nilivuta pikapu mbovu kwa kamba nyuma ya gari nililoendesha, kaka yangu Yohana akishika usukani wa pikapu. Kabla hatujaondoka alinionya:

“Mdogo wangu, tafuta chuma. Kamba haizuii gari mteremkoni.”

“Kaka, umeanza uzee?” nikamcheka.

Mteremkoni pikapu ikanigonga nyuma, mguu wa Yohana ukavunjika. Nikawaambia watu alisinzia. Mpaka anazikwa aliitwa dereva mzembe.

Wanangu wananisihi ninyamaze. Sinyamazi! Jumapili nitabebwa hadi kanisani, niseme mbele ya wajukuu wa Yohana: kamba niliichagua mimi.

Babu yako