Wenzi Wanaofikiri Wenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Mbeba ngao kaziba mlango tena! Siku nzima!

Mchezo wetu mchezaji anamwongoza mtu mmoja tu, kiongozi. Wenzake watatu — mbeba ngao, mpiga mishale na mganga — wanaendeshwa na kompyuta, na akili yao ni kazi yangu. Sasa hili jitu la ngao, kifua kama kabati, kila vita ikianza linakwenda kusimama mlangoni. Adui ndani, sisi ndani, njia imezibwa na mtu wetu wenyewe. Nimelitukana kwa sauti. Mchoraji, meza ya pili, akauliza natukana nani. Nikamwambia mtoto wako, si wewe uliyemchora? Akajibu kwamba yeye alimchora vizuri tu, ujinga kautoa kwa mama.

Jioni nimemrekebisha. Kiongozi akimkaribia, anasogea pembeni. Wakati mwingine anasogea hadi kwenye moto, lakini anasogea.

Bosi kapita na simu sikioni. Anamwambia mtu huko: wenzi wangu wanafikiri wenyewe, nimewafundisha mimi. Wenzi WAKE! Mwaka mzima hajagusa mstari hata mmoja wa programu. Nimenyamaza. Nimezoea kunyamaza, na hilo nalo linaniudhi.

Jumanne, 4 Machi

Leo mganga kanipa raha.

Ana dawa moja tu kila vita. Nilitaka hivyo makusudi. Ampe nani? Njia rahisi ni kumpa kiongozi kila mara. Sitaki. Mganga wangu lazima atazame: nani akiinuka atawaokoa waliobaki? Nimehangaika naye tangu mvua za mwaka jana. Na leo — kiongozi chali, mbeba ngao chali, mpiga mishale anakimbizwa — mganga kamruka kiongozi, kampa dawa mbeba ngao. Mbeba ngao kasimama, kamkinga kiongozi kwa ngao, kamburuta hadi nyuma ya ukuta. Wote wanne wametoka hai!

Nimepiga kelele hadi fundi wa matairi wa chini kaita kuuliza kuna nini. Machozi yalinilengalenga, siachi kuliandika.

Bosi katoka kuangalia. Nikamwonyesha. Kakunja uso: mbona kamruka kiongozi? Nikaeleza, nikaeleza tena. Akasema sawa, sawa. Sawa ya mtu anayetafuta funguo mfukoni.

Alhamisi, 6 Machi

Bango limebandikwa ngazini. WENZI WANAOFIKIRI WENYEWE! Chini yake picha. Ya nani? Ya bosi, mikono kaikunja kifuani, kidevu juu.

Alhamisi ijayo wanakuja wageni wa kampuni kubwa, ile inayochukua michezo ya watu wadogo kama sisi na kuitangaza duniani. Wakiukubali, tumetoka. Wakiukataa, ofisi inafungwa. Bosi kasema hivyo waziwazi, mbele yetu sote. Kisha akaligeukia bango: chanda chema huvikwa pete.

Chanda cha nani, mzee?

Jumamosi, 8 Machi

Nimepita saluni kwa dada. Dada yangu msusi ndiye anayenijaribia mchezo, kwenye ile kompyuta yangu ya zamani, kati ya mteja na mteja. Hana adabu na wenzi wangu hata kidogo. Mpiga mishale anamwita Kiwete, kwa kuchelewa kwake. Mganga anamwita Shemeji, kwa sababu, anasema, haonekani siku ya shida. Jana nilimpelekea toleo jipya kutoka ofisini.

Sijakaa vizuri, kanianza.

"We mtoto, watu wako wamerogwa?"

Nikamuuliza wamefanya nini tena.

"Nilikuwa katikati ya vita, mteja akaingia. Nikamficha yule wangu nyuma ya jiwe, nikawaachia wenzake wapigane. Mdogo wangu, nimesuka kichwa kizima. Kizima! Nimerudi, bado wanapigana na jambazi yule yule mmoja."

Nikacheka. Nikamwambia labda alibonyeza kusimamisha. Akaninyang'anya kikombe cha chai, akaniwekea kompyuta mapajani: haya, tazama mwenyewe.

Nimetazama. Mshale unamchoma jambazi kifuani — damu yake haipungui. Upanga shingoni — haipungui. Wanaruka, wanapiga ukelele wa vita, cheche zinatoka. Jambazi kasimama tu. Nikamtoa kiongozi nyuma ya jiwe, nikampiga jambazi mara moja. Kaanguka, kafa.

Mteja aliyekuwa chini ya kikaushio kauliza kama ndiyo mchezo wenyewe. Dada akamjibu kwa niaba yangu kwamba mdogo wake ana siku mbaya.

Jumapili, 9 Machi

Nimelifungua faili. Sikuhitaji kutafuta sana.

Nguvu ya pigo la kila mwenzi: sifuri. Mpiga mishale sifuri. Mbeba ngao sifuri. Na kwa mganga, kanuni yangu yote imefutwa, badala yake mstari mmoja: dawa kwa kiongozi, daima. Aliyebadilisha ni bosi, Jumatano, saa ambayo sisi tulikuwa tunakula. Kumbe anajua faili lilipo!

Nimefua nguo zote za nyumba hii. Hata pazia, ambalo lilikuwa safi. Damu imenipanda na haitaki kushuka.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeingia ofisini kwa bosi bila kubisha hodi.

Hakukana hata. Kaniambia nikae, dada yangu, kaa kwanza. Mimi si dada yake. Akasema wageni ni watu wenye shughuli zao, watacheza vita moja tu, ya darajani. Mchezaji anataka ajione shujaa. Mpiga mishale wangu akimuua jambazi mkubwa, mgeni atajiona nani? Mganga akimruka, atajisikiaje? Wenzi ni kama wapambe wa bwana harusi, kasema. Wapendeze, wacheze, wasimfunike bwana harusi.

Nikamwambia: lakini bango linasema wanafikiri wenyewe.

Bango ni bango, kasema.

Nikamwambia huo ni uongo. Akacheka, akasema nina kipaji ambacho hajawahi kukiona kwa mtu, kwamba bila mimi ofisi hii ni vumbi, kwamba wageni wakishasaini nitarudisha akili yote ninayotaka. Kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Wakishaununua mchezo wenye vikaragosi, nani atakuja kuomba watu?

Nimeufunga mlango wake kwa nguvu. Haukufunga vizuri, bawaba mbovu. Hata mlango!

Jumatano, 12 Machi

Nimemweleza mchoraji kwamba nataka kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Kimya kimya, kabla ya wageni. Alikuwa anachora majani. Kaendelea kuchora majani kwa muda mrefu.

Kisha kasema mke wake anajifungua mwezi ujao. Nami nikashindwa kumkasirikia, na hilo ndilo lililoniuma kuliko bosi na bango lake. Mgeni akifa darajani, tunaofungiwa mlango ni sote. Si mimi peke yangu na hasira zangu.

Nilipokuwa natoka kanifuata ngazini. Akasema: ukifanya, usiniambie. Halafu: yule mbeba ngao nilimchora apigane kweli.

Alhamisi, 13 Machi. Asubuhi

Nimerudisha. Pigo ni pigo, na mganga ana macho yake. Nimejaribu vita ya darajani mara kadhaa. Kuna kupona, kuna kufa.

Sijui kama ni haki. Najua siwezi kukaa kule nyuma nikiwatazama wanarusha mishale ya bure na watu wanapiga makofi.

Alhamisi, 13 Machi. Baadaye

Naandika nikiwa kiti cha nyuma, daftari gotini. Bosi anadhani nachukua maoni ya wageni.

Wageni wawili. Kijana mwenye tai anayetabasamu kwa kila kitu, na mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia shingoni, asiyetabasamu kabisa. Kidhibiti cha kuchezea kashika mama. Bosi kasimama nyuma ya kiti chake: nilianza na wazo hili, nikawafundisha hivi, niliona kwamba — ni, ni, ni!

Vita imeanza. Mama kakimbilia darajani peke yake, hakusubiri mtu. Mpiga mishale kampunguzia majambazi wawili. Bosi kanyamaza katikati ya neno. Kageuka kunitazama. Nimeinamisha macho kwenye karatasi hii.

Mama kapigwa. Kaanguka chali. Mbeba ngao kaanguka karibu yake. Mganga huyo, anakimbia, dawa mkononi! Kamfikia kiongozi — kamruka.

"Kaniruka!" Mama kapaza sauti. "Huyu mganga kaniruka! Nani kamfundisha hivi?"

Mchoraji kafumba macho. Kwenye skrini mbeba ngao ndiyo kwanza anapiga goti ainuke, na majambazi watatu wanapanda daraja.

Bosi kanyoosha kidole kwangu. Mwaka mzima sijawahi kumsikia akilisema hili, leo kalisema haraka, mbele ya watu wote:

"Kazi yake yule. Hao wenzi katengeneza yeye. Wote. Mimi sikuhusika."

Mama kavaa miwani. Ananitazama mimi, anatazama skrini, ananitazama mimi tena. Kidhibiti hajakiweka chini. Anasema nije nikae hapo karibu yake, upesi, kabla vita haijaisha.

Nasimama.