Festo, Usikabidhi Filimbi

Hayes, London
Jumanne

Mdogo wangu Festo,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Kamwene. Hujambo wewe, na nyumba nzima haijambo? Goti la mama linasemaje na baridi hii ya huko kwetu? Wifi yangu Anneth aliniambia mtoto alikuwa na kikohozi, natumaini kimeshamwacha. Mimi na mwanangu Eliya tu wazima. Ndege zinapita juu ya paa letu mpaka vikombe vinatikisika kabatini, lakini tumezoea, zisipopita ndipo tunashtuka.

Ninakuandikia kwa mkono, kisha nitazipiga picha karatasi hizi nikutumie kwenye simu. Nikikutumia sauti unaikata katikati, unanijibu "nimekusikia dada" na hujasikia kitu. Barua haina pa kukatia. Mwambie wifi akupe chai, ukae chini usome mpaka mwisho.

Ujumbe wako wa Ijumaa ulinikuta kazini. Unajua tunapanga trei za chakula cha abiria wa ndege, na simu haziruhusiwi kwenye mkanda unaozisogeza, kwa hiyo niliusikiliza kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Ulisema timu yako ya chuo cha Ualimu iko ya pili kutoka mkiani, kwamba tuliosoma hapo tulioko London tumekukataa, na kwamba Jumatatu ijayo unakwenda kwa Mkuu wa Chuo kumkabidhi filimbi ya ukocha, ubaki na hesabu zako darasani. Sauti yako ilikuwa ndogo. Sijakusikia hivyo tangu tumzike baba. Nilikaa kwenye benchi na kofia ya nailoni kichwani nikalia kidogo, halafu nikakasirika. Hasira ilinifaa zaidi.

Sasa nikueleze hao "tulioko London" ni akina nani, maana wewe unadhani ni bunge. Ni watu wa kwetu wasiozidi sebule moja. Ligi ya vyuo ikimaliza raundi ya kwanza, tunakutana Harrow, ghorofani juu ya duka la Mzee Ramesh, tunatathmini timu: ipi imetushangaza, ipi imetuangusha. Mzee Ramesh hakusoma chuo chochote cha kwetu, lakini alizaliwa huko, duka la baba yake lilitazamana na geti la chuo cha Misitu, na mpaka leo ukimgusa Misitu umemgusa mboni ya jicho. Kiswahili chake kinakishinda changu.

Kikao kina desturi moja, na ndiyo iliyoniokoa. Mtu haruhusiwi kuilaumu wala kuitetea timu yake kabla hajaisifu timu ya mwingine, na aisifu kweli, si kwa kejeli. Tuliiweka baada ya mwaka ule watu walipofika kurushiana sambusa.

Juzi Jumapili nilibadilishana shifti na mwenzangu ili niwahi. Nilimchukua Eliya. Kwenye basi akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama mjomba amefukuzwa. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba mjomba hajafukuzwa, na hatafukuzwa mbele yangu. Akageukia dirishani. Mtoto ananijua nikisema kwa namna hiyo.

Mwenyekiti ni Bwana Kapinga, unamkumbuka, aliyekuwa nahodha wa Ualimu zamani zile mimi nacheza netiboli. Alianza Mzee Ramesh. Aliwasifu Kilimo kwa pasi zao, kisha akashusha pumzi: "Misitu wangu wametuaibisha. Wachezaji warefu kama mikaratusi, na wanasimama kama mikaratusi." Watu wakacheka mpaka akacheka mwenyewe. Kisha wote tukakubaliana kwamba mshangao wa msimu ni Uuguzi. Msimu uliopita tulikuwa tunawatania kwamba wanakuja uwanjani kujifunza kufunga bandeji, leo wanaongoza ligi.

Ikafika zamu ya Kapinga. Akawasifu watu wa Mifugo kwa nidhamu, kwa haraka haraka kama mtu anayelipa nauli, kisha akaingia kwako. "Festo ni kijana mzuri. Lakini uzuri hauzuii mabao. Kila mechi ninayoitazama naona jambo moja tu, tunashambuliwa. Tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, tunashambuliwa. Kipa ni uchochoro. Timu haina mpango. Kocha aachie ngazi kabla raundi ya pili haijaanza." Wengi wakaitikia kwa vichwa.

Nikasimama nimtetee ndugu yangu. Kapinga akaniambia, "Sabina, sifu kwanza." Festo, kwa hasira niliyokuwa nayo sikupata hata timu moja ya kuisifu. Nikakaa. Nilijiona mjinga, maana niliona kabisa kikao kinakuzika na mimi nimeshika mdomo.

Hapo ndipo alipoinuka Mama Neema. Huyu ni mshabiki wa Uuguzi, amesoma hapo, na sasa anahudumia wazee kwenye nyumba moja Croydon. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, sare yake inaonekana chini ya koti, amepanda tramu na treni mbili ili awahi. Akasema, "Mimi naisifu Ualimu."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu na muuguzi ni watani wa miaka yote, tukajua anatutia chumvi kwenye kidonda. Kapinga akamkumbusha kwamba kejeli imekatazwa.

"Sijatania," akasema. "Katika ligi nzima hakuna timu iliyonitesa kama Ualimu. Siku ile tuliyowafunga tatu kwa moja, mimi nilikuwa nimefumba macho. Wamegonga mwamba, wamepiga kichwa, golikipa wetu akakiokoa kwa goti, wanakuja tu, wanakuja tu. Nikasema leo tunakufa. Ninyi mnazungumzia Ualimu ipi?"

Kapinga akamwambia mechi hiyo aliiona yote, na ukiacha lile bao moja, Ualimu haikuvuka katikati ya uwanja. Mama Neema akatoa simu yake. Kapinga akatoa yake. Tukazilaza mezani pembeni ya sahani ya kachori, tukaanzisha video za mechi hiyo moja kwenye simu mbili.

Ndugu yangu, laiti ungekuwepo. Unajua sisi watu wa kwetu na kulinda goli. Mashabiki wa kila timu wanasimama nyuma ya kipa wao, kipindi cha pili akibadilisha upande nao wanahama naye, eti mtu wa timu nyingine asije akafukia kitu pale mstarini. Tumerithi hivyo, hakuna anayeuliza. Sasa mpishi wa chuo anayeturekodia mechi kwa simu naye ni mlinzi wa goli. Anasimama palepale na simu yake. Kwa hiyo sisi wa Ualimu, msimu mzima, tumekuwa tunaliona goli letu tu. Upande wa pili wachezaji ni kama sisimizi, na mpishi akichoka anashusha simu tunatazama nyasi. Anayewarekodia wauguzi naye analinda lao. Yeye kaona mashambulizi yenu yote, sisi tumeona yao yote. Mzee Ramesh akashika kichwa: "Kumbe na Misitu?" Akaomba ruhusa kwenda kumpigia mtu simu.

Kwenye simu ya Mama Neema niliiona timu yako kwa mara ya kwanza. Niliona mpira unatoka kulia kwenda kushoto bila kukimbiliana nao kama kuku. Niliona vijana wanatazamana kabla ya kupiga. Wewe ulikuwa ukingoni na ile suruali yako ya kahawia, huongei, unaonyesha kwa mikono tu, na wanakuelewa. Nilijivuna, Festo. Nilijivuna mbele ya watu na sikuficha.

Lakini mimi ni dada yako, si mshabiki wako tu, kwa hiyo nitakwambia na lingine. Lile bao la tatu, kwenye simu yetu, linaonyesha kipa wako Aidani peke yake golini na wauguzi wawili wanamjia. Ndipo tulipomwita uchochoro. Tukalitafuta bao hilohilo kwenye simu ya Mama Neema. Mabeki wako wote wawili wa pembeni wako kwenye kona ya wauguzi, mikono kiunoni, wanahema. Hakuna aliyerudi. Wauguzi hawana maajabu mengine, wanasubiri mjae mbele, wanapiga mpira mrefu nyuma yenu, basi. Mimi si kocha, lakini nimelea mtoto peke yangu na ninajua nyumba haiachwi wazi kwa sababu sokoni kumenoga. Mmoja akipanda, mmoja abaki. Hilo ni kosa lako, si la Aidani, na linarekebishika kwa wiki moja ya mazoezi. Kumweka benchi yule kijana, kama ulivyosema kwenye ujumbe wako, usithubutu.

Nikamgeukia Kapinga nikamwambia, sasa mwenyekiti, tufute ile kauli. Akajifuta mikono kwa leso, akasema Alhamisi alikuwa ameshampigia Mkuu wa Chuo kwa niaba yetu sote. Ndiyo maana wewe Ijumaa ulikuwa na sauti ile. "Sabina, neno likishatoka halirudi kinywani." Nikamwambia, "Basi litoke jingine likalifuate." Akaanza kukusanya sahani. Si mtu mbaya, Festo. Ana aibu tu, na mwanamume mwenye aibu anahitaji siku mbili tatu. Mimi sikuwa nazo.

Jana wakati wa mapumziko ya kazini nilisimama nje karibu na maegesho ya malori, upepo unanikata masikio, nikampigia Mkuu wa Chuo mwenyewe. Alinifundisha, ananijua mdomo wangu. Nikamweleza habari ya simu mbili tangu mwanzo. Alicheka sana, akasema hata yeye huwa anasimama nyuma ya goli. Halafu akaacha kucheka. Nakuandikia alivyosema ili usije ukasema nimeongeza langu: "Sabina, mimi sifukuzi kocha kwa simu ya London. Kapinga nilimsikiliza kwa heshima, Festo nikamweleza alivyosema, basi. Lakini nasikia Festo mwenyewe anataka kunirudishia filimbi. Akiileta nitaipokea. Kocha aliyejikatia tamaa siwezi kumkabidhi vijana."

Umeona mambo yalivyo? Hakuna anayekufukuza. Kapinga hawezi, na Mkuu hataki. Aliyebaki wa kukuondoa kwenye uwanja ule ni wewe mwenyewe, na nakuomba kwa jina la mama yetu usimfanyie hivyo ndugu yangu.

Utasema wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Sawa. Kubali kwamba mlifungwa, mlifungwa kweli, mabao hayafutiki kwa simu ya Mama Neema. Lakini kukubali kufungwa si kukabidhi filimbi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi wiki ya kwanza kwenye mkanda wa trei niliambiwa mbele za watu kwamba niko taratibu mno, nitafute kazi nyingine. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa yake. Leo wageni wakija wanasimamishwa kando yangu wajifunze. Hakuna siri niliyogundua, nilirudi tu.

Najua pia kilichokuuma zaidi si nafasi mkiani. Ni kwamba tuliokukataa ni sisi, watu wako, ambao ulikuwa unatutumia picha za mazoezi kila Jumatano. Kwa hilo nina uchungu kuliko wewe. Kapinga atakupigia, nimempa mpaka Ijumaa, asipokupigia nitakwenda nyumbani kwake na Eliya tukae sebuleni mpaka apige. Akikupigia usimkejeli. Mpokee kwa adabu, mwache ajikwae kwa maneno yake, mwambie yamekwisha.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya kuchua goti nimempa mtu anayesafiri mwezi ujao. Msalimie wifi, namshukuru kwa kunieleza ukweli kila mara wewe unaponificha. Shangazi yetu wa kanisani aendelee kutuombea, ila amwombee na beki wa kulia. Baba mdogo mwambie nimeona picha ya nyumba yake mpya, bati limependeza. Na huyo kijana Aidani mpe mkono wangu, mwambie kuna mama mmoja Hayes anamwamini.

Jumatatu saa kumi jioni ndiyo saa yako ya mazoezi, na ndiyo saa uliyosema utakwenda ofisini kwa Mkuu. Ofisi na uwanja havikai mahali pamoja, kwa hiyo siku hiyo utachagua. Saa kumi na nusu ya huko nitakupigia simu. Ukiipokea nitajua uko ofisini na yamekwisha, nami sitakulaumu, nitakuuliza tu habari za watoto. Ukiwa uwanjani, simu itakuwa kwenye mfuko wa koti ukingoni na hutaisikia. Nitaiacha iite mpaka ikatike yenyewe.

Tafadhali, mdogo wangu, usipokee.

Dada yako,
Sabina