Pua Yangu na Chupa ya Mjomba

Jumatano

Leo mwalimu wa kemia ameuliza tofauti ya methanoli na ethanoli. Darasa lote likanigeukia, si mimi ndiye bingwa wa majina ya kemikali shule nzima ya Wabera? Methanoli ina kaboni moja, ethanoli mbili. Nilijua, lakini nikainamia daftari.

Jumamosi mjomba Ekai, anayeniita Daktari, alinipa chupa ya chang'aa, pombe kali ya kienyeji. "Daktari, hebu nusa kama ni salama."

Nikanusa, nikajipiga kifua. "Ethanoli safi, mjomba! Kunywa."

Kumbe ilikuwa na methanoli, sumu inayopofusha. Pua haihesabu kaboni.

Saa kumi nimempelekea uji hospitalini. Macho yake bado hayaoni. Mtu wa kushona viatu, sasa ata...

"Daktari, hawa hawajawasha taa?"

Jua lilikuwa limejaa kitandani.

"Bado, mjomba."