Miche Yenye Madoa

Kuluthumu, usicheke. Nimeharibu kitalu cha tumbaku cha Mama huku Usinge, pale palipokuwa shamba la Ujamaa. Ndicho tegemeo lake la mwaka mzima.

Asubuhi nimekuta nusu ya miche ina madoa meusi. Nikasema huu ugonjwa, tuing'oe yenye madoa kabla haujaenea. Unanijua, nikaita majirani wote, chai na mihogo, tukang'oa huku tunapiga soga.

Akaja Marko, bwana shamba. "Nani kawaambia muing'oe hii?"

"Mimi." Nikamwonyesha madoa, shoga, kwa kujiamini.

Anasema virusi vikiingia kwenye jani la mbegu mpya, ile Mama aliyopanda nusu ya kitalu, vinaamsha jeni zake za kinga, na jani linaua lenyewe sehemu iliyoshikwa ili virusi visisambae. Hilo doa ndiyo kinga yenyewe. Mbegu ya zamani haina jeni hizo, inaonekana safi wakati virusi vinatambaa ndani.

"Mmeng'oa inayopigana, mkaacha inayougua." Kasema hivyo mbele ya Mama. Mbele ya umati wangu wote.

Sasa hivi Mama anachambua lundo, miche ambayo mizizi haijakauka anairudisha ardhini. Nimeinama nimsaidie.

"Wewe usiguse."