Ukurasa wa Saba Umenipa Urais

Tantine Josiane mpendwa, shangazi yetu wa gazetini, naomba unishike mkono kabla ya Jumamosi, maana furaha imenijaa mpaka inanitisha.

Mimi ni karani wa ushirika wa akina mama waanika sambaza, dagaa wadogo wa ziwa letu, hapa Nkanka, kazi yangu naifanya kwenye kompyuta, katika ile programu ya kuandikia maandishi matupu, na nina tabia mbaya, nakiri, kila wazo likinijia nafungua ukurasa mpya bila kuupa jina wala kuuhifadhi, kwa hiyo siku ya mkutano mkuu nilikuwa na kurasa tisa zimefunguka kwa pamoja, zote zinaitwa Sans titre, yaani bila jina, na namba yake, wa nne ni ajenda, wa pili ni majina ya wagonjwa wa kuombewa, na wa saba, Tantine, ulikuwa hasira yangu tu, niliyoiandika ili nipumue.

Tulikuwa tumeazima projekta ya parokia, rais wetu Papa Hakizimana amekaa mbele, naye ndiye parrain, msimamizi wa ndoa yangu na mume wangu Vénuste, nami nikitaka kurudi kwenye ajenda nikabonyeza vibaya, ukutani ukatokea ukurasa wa saba kwa herufi kubwa, na Maman Nabintu, mfanyabiashara wa Bukavu anayenunua sambaza zetu, ambaye huwasomea wasiojua kusoma, akadhani ni sehemu ya mkutano, akasoma kwa sauti: "Papa Rais, misimu mitatu ya mvua tunangoja paa la meza zetu za kuanikia. Sambaza zinaoza, nguzo ulizochagua wewe zimelala nyuma ya ofisi, na wewe unatuambia tuwe na subira. Subira yetu imekwisha."

Nikakimbilia kuufunga, ndipo mashine ikauliza pale pale ukutani kama nataka kuuhifadhi au la, na kabla sijabonyeza lolote mama mzee Nyiramahoro akataka kujua imesema nini, Nabintu akamweleza kwamba inauliza kama maneno haya yatunzwe au yatupwe.

"Ibakie," akasema yule mama. "Musitupe ile. Njo maneno yetu."

Basi impundu, vigelegele vyetu, zikasikika mpaka ziwani, na tulipofika kwenye uchaguzi hawakutaka jina lingine, mikono yote juu, karani nikawa rais, nikacheka huku nalia. Lakini Papa Hakizimana alichukua kofia yake akatoka bila kuniaga, na Vénuste anasema nikiri kwamba ilikuwa ajali, nimrudishie mzee kiti chake Jumamosi wakati wa makabidhiano. Tantine, je, nimeiba?

Maman Reine, Nkanka

*

Maman Reine,

Hongera sana, na sasa kaa nikugombeze. Kurasa tisa bila jina hata moja, halafu unaunganisha projekta mbele ya kanisa zima la sambaza. Ungeweza kuwaonyesha ugomvi wako na mama mkwe.

Hukuiba. Kidole ndicho kilichoteleza. Maneno uliyaandika wewe ukiwa na akili zako timamu, na wenzako wameinua mikono macho wazi. Ukisimama Jumamosi useme hukukusudia, utakuwa unawaambia wale akina mama kwamba sambaza zao hazikuoza. Usithubutu.

Kwa parrain wako umekosa jambo moja: alisoma ukutani kitu ambacho ulipaswa kumwambia nyumbani kwake. Nenda Alhamisi, wewe na Vénuste, mumsalimu kwa heshima zake zote. Omba radhi kwa namna alivyoyapata. Kwa maneno yenyewe usiombe radhi hata nusu. Akinyamaza, nyamaza naye, unywe atakachokupa. Halafu mwombe aje awasimamie mafundi wa paa, kwa kuwa nguzo zile alizichagua yeye na anazijua. Wazee wengi wanaudhika kuondolewa. Wakipewa kazi, wanarudi.

Na wewe Vénuste, najua unasoma hapa. Mke wako amechaguliwa. Mbebee kompyuta.

Leo, kabla hujapika, pitia kurasa zako. Kila mmoja upe jina na uuhifadhi. Za ushirika weka kwenye folda yao, za moyo wako mbali kabisa. Siku ya mkutano fungua ule mmoja unaohitajika, nyingine zote zifungwe. Anayeandika mambo mazito kama wewe hana ruhusa ya kuyaacha ovyo.

Jumamosi pokea muhuri kwa mikono miwili. Usitoe hotuba ndefu. Taja siku ambayo nguzo ya kwanza itasimama, itaje kwa tarehe, kisha tokeni wote pamoja mkachimbe shimo lake.