Saa Yangu Shingoni mwa Kukhu

Jumatatu, 3 Machi
Kengele ya saa nne nimeipiga bila kupoteza hata sekunde. Muhula huu mimi ndiye mpiga kengele wa shule, na sababu ni saa yangu ya dijitali tu. Plastiki nyeusi. Baba aliinunua sokoni hapa Kitale. Ina taa, haiingii maji, na kila saa kamili inalia pii. Ubaya wake: juani nambari hazionekani vizuri, na vitufe vinabonyezeka ovyo. Naipenda hivyo hivyo.

Alhamisi, 6 Machi
Kukhu, mama yake Baba, amepasuliwa mtoto wa jicho huko Bungoma. Jicho la kulia. La kushoto halioni tena, kwa hiyo hili ndilo lililobaki. Mchana kutwa atiwe matone kila baada ya masaa mawili. Akikosa matone, jicho linaweza kuharibika. Senge Rose, dada yake Baba, anaishi naye Kamukuywa, lakini hushinda sokoni akiuza vitunguu, na simu huenda nayo. Nani atamkumbusha Kukhu? Naogopa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda Kamukuywa. Nimemvalisha Kukhu saa yangu. Ikilia, anatia punje moja ya mahindi bakulini. Zikifika mbili, anatia dawa, kisha anaanza upya. Alicheka sana.
"Sasa mimi ni mwanafunzi wako? Nikikosa utanichapa?"
Nimerudi nyumbani Kibomet, hapa Kitale. Mkono wangu mwepesi. Siupendi.

Jumanne, 11 Machi
Sasa natumia saa ya ukutani ya ofisi ya walimu. Ya mishale. Aibu: siwezi kuisoma haraka. Leo nimekatiza somo la hesabu dakika kumi mapema. Wasichana walishangilia. "Endelea hivyo hivyo, bana!" Mwalimu wa zamu hakushangilia. Nikikosea tena, kengele atapewa mwingine.

Alhamisi, 13 Machi
Senge amepiga simu. Jicho ni jekundu, linatoka machozi. Saa haijalia tangu jana asubuhi. Kukhu alikaa akingoja, punje moja bakulini, siku nzima. Hakumwambia mtu. Aliiamini saa kwa sababu aliniamini mimi.
Kosa ni langu. Nilijua kuhusu vitufe. Niliandika humu, kwa mkono wangu, na sikumwambia.

Ijumaa, 14 Machi
Senge amemrudisha Bungoma. Daktari amesema matone yasikose hata mara moja. Wataliangalia tena Ijumaa ijayo. Hakusema litapona. Hakusema halitapona.

Jumamosi, 15 Machi
Kamukuywa tena. Nimeelewa kilichotokea. Kukhu alikuwa anafua, kitufe kikagonga ukingo wa karai, mlio ukazimika. Nimeuwasha. Nimezungushia vitufe plasta, mara tatu. Nimeitoa mkononi na kuitundika shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Nimemwambia isipolia amwite jirani, asingoje. Halafu nikaomba msamaha, na nikalia.
"Wacha, mtoto wangu. Utaharibu macho, na hii dawa ni yangu peke yangu, sikupatii."

Jumatano, 19 Machi
Kengele zote sawa wiki hii. Mishale nimeizoea. Haisemi pii, lakini robo saa iliyobaki naiona mara moja, kama kipande cha chapati. Saa ya nambari hainionyeshi hivyo.
Senge anasema punje haijakosa hata moja. Naomba iwe kweli.

Ijumaa, 21 Machi
Baada ya shule nimekuja Kamukuywa. Wametoka Bungoma mchana. Wekundu umekwisha. Daktari amesema tuwe na subira, nuru itarudi polepole.

Jumamosi, 22 Machi
Asubuhi. Baridi kidogo. Kukhu ameketi mlangoni, mimi nachochea moto wa chai. Saa ikalia. Akaishika pale shingoni, akaisogeza mbali, akairudisha karibu, akakunja uso.
"Hii saa yako ni ya urongo. Ati saa nane! Na hata chai sijakunywa?"
Nilikwenda kuangalia. 8:00. Saa mbili asubuhi.
Nilibaki nimechuchumaa pale nikiitazama ile nane, ndogo kama punje ya mahindi. Hakuna aliyemsomea.
Saa nitamwachia. Ameinua mkono, amechukua punje, ameitia bakulini bila kupapasa.